Tembe ni za bure, nauli je?

Malaria ikimpata mama mjamzito, vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma. Mama hupungukiwa na damu, naye mtoto huenda akazaliwa na uzani mdogo. Tangu 2012, Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza tembe za SP kila mama aendapo kliniki, kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi.

Wifi yangu kule Siaya alimeza dozi moja tu. Hakuwa mzembe: nauli ya bodaboda ilikuwa sawa na unga wa siku mbili.

Mimba hii, kaka yangu hutia sarafu mkebeni kila jioni. Je, bwana, mkebe wako u wapi?