Nilinunua skrini iliyopinda, nusura inipinde na mimi

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na ofisi yangu ni kona ya sebule yetu, Tabata, jijini Dar es Salaam. Miezi mitano iliyopita nilinunua skrini ya kompyuta ya inchi 34, pana, ambayo kioo chake kimepinda kumwelekea anayekitazama. Wanangu walipoiona waliuliza kama imeachwa juani.

Siku ya kwanza nilitaka kuirudisha. Nilichora ukuta, nikauona umepinda. Nikaazima rula ya mtoto, nikailaza juu ya mstari: iligusa ncha mbili tu, katikati ikabaki nafasi. Nikachapa ramani kwenye karatasi, ukuta ukatoka umenyooka. Mchoro haukuwa na kosa, ni macho yangu yalikuwa bado mageni. Fundi aliyeniuzia akasema, "Vumilia wiki moja, utazoea." Nilizoea kweli, tena kupita kiasi. Siku hizi nikifungua laptopu ya zamani ya mke wangu, naona kioo chake kimetokeza mbele kama kitambi.

Kisha kulikuwa na suala la dirisha. Kwenye skrini ya zamani, mwanga wa nyuma yangu ulionekana sehemu moja, nikisogea kidogo naukwepa. Hii mpya iliuvuta ukawa mstari mrefu kutoka upande hadi upande. Ikabidi nigeuze meza na kununua pazia zito.

Hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa limeandikwa kwenye boksi: 1500R. Maana yake, mpindo ule ukiendelezwa mpaka uwe duara kamili, kutoka katikati ya duara hadi kwenye kioo ni milimita 1,500, yaani mita moja na nusu. Kadiri unavyokaribia sehemu hiyo, ndivyo kila upande wa kioo unavyokuwa mbali nawe kwa kipimo kimoja. Ni raha sana kwa macho. Ila duara lina katikati moja tu, na pale pangu palikuwa na kiti kimoja.

Tangu tuoane, kila mwisho wa mwezi mimi na mke wangu hukaa mbele ya kompyuta kupitia matumizi: kodi, ada, umeme, michango ya harusi na misiba. Zamani tulibanana bega kwa bega, kila mmoja akiona kila tarakimu. Kwenye skrini mpya yeye alikaa pembeni, na upande uliokuwa karibu naye aliuona kwa mshazari, namba zimebanana. Baada ya dakika kumi akainuka.

"Baba watoto, shingo inaniuma. Nisomee tu."

Akaenda kuchambua mchele, mimi nikawa nasoma kwa sauti. Nikafika kwenye mstari wa skrini. Nilikuwa nimemwambia kwamba nimeinunua kwa laki nne. Bei yenyewe ilikuwa laki nane, na nusu ya fedha hiyo niliitoa kwenye akiba ya ada ya binti yetu. Pale kwenye kioo paliandikwa laki nane. Nikasoma laki nne. Akaitikia, "Sawa." Sikuhitaji hata kufuta kitu, kwa sababu aliyekuwa akitazama ni mimi peke yangu.

Mwezi uliofuata nikasoma hivyo hivyo. Mwezi wa tatu, shule zikiwa karibu kufunguliwa, akauliza kutoka jikoni, "Akiba ya ada imefika ngapi?" Nikaitazama namba. Mdomo ukakataa kutaja nyingine.

Nikamwita. Nikainuka, nikamkalisha kwenye kiti changu. Alikaa kimya muda mrefu, jicho likishuka mstari kwa mstari. Kisha akasema, "Kumbe ukikaa hapa kila kitu kinaonekana."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Siku mbili tulisalimiana tu na kupeana sahani. Nilichukua kazi mbili za ziada, nikachora usiku, ada tukailipa kwa awamu. Binti yetu hakukosa masomo, lakini mama yake alikosa usingizi, na hilo halimo kwenye hesabu yoyote.

Sasa meza nimeisogeza mbali na ukuta, skrini ipo ukingoni kabisa, maandishi nimeyakuza, na mbele yake kuna viti viwili. Kwa umbali huo tunaona vizuri wote wawili, ingawa ule utamu wa kuzungukwa na kioo umepungua. Siku ya mahesabu kipanya anakishika yeye.

Msomaji, ukitaka kununua skrini ya aina hii, pima meza yako na uangalie dirisha liko wapi. Halafu hesabu viti.