Paka wa miguu mitatu na beseni la mchanga

Wadau, kimya changu cha wiki tatu kina maelezo. Hapana, sikusafiri. Wala sijahamia gazeti jingine, ingawa mmoja wenu ameshanipongeza. Nilikuwa nafua. Mashuka, foronya, kanga za shangazi, na mara moja suruali yangu ya kazini. Vyote vilikojolewa na paka.

Paka mwenyewe anaitwa Pilipili. Ni dume, alihasiwa tangu mdogo, na mwezi mmoja hivi uliopita aligongwa na bodaboda hapa mtaani kwetu Sinza. Mguu wa nyuma wa kushoto ulivunjika vibaya kiasi kwamba daktari wa mifugo hakuona cha kuunga. Akaukata, tena juu kabisa, karibu na nyonga. Nilimuuliza kwa nini asibakize kipande. Akasema kipande kirefu kikibaki, paka hujaribu kukikanyagia, anakigonga sakafuni mpaka kinafanya vidonda. Gharama sitaji, maana mama yangu naye anasoma hapa.

Kila mtu aliniambia paka huzoea upesi. Ni kweli. Sehemu kubwa ya uzito wa paka hubebwa na miguu ya mbele, kwa hiyo akipoteza mmoja wa nyuma bado mambo yanakwenda. Siku ya nne Pilipili alikuwa anarukaruka sebuleni kama sungura. Ambalo hakuna aliyenitajia ni choo.

Kabla ya ajali alikuwa mstaarabu kuliko baadhi ya wapangaji wa nyumba hii. Beseni lake la mchanga lilikaa nyuma ya mlango wa stoo, anaingia, anafukia, anaondoka. Baada ya upasuaji aliingia mara moja, akatoka mbio, akaenda kujisaidia kwenye rundo la nguo. Kesho yake, zulia. Siku ya tatu yake, godoro la shangazi.

Hapo ndipo nyumba ilipochafuka hasa. Shangazi yangu si mtu wa makelele. Aliniita jikoni akasema taratibu, "Mwanangu, paka ni kiumbe wa Mungu, sikatai. Lakini godoro nililinunua mimi. Ikifika Jumamosi ijayo bado anakojoa ndani, utampeleka Feri."

Kwa msio wa Dar: Feri ni soko la samaki pale Kivukoni, na wapo watu wanaodhani ukimtupa paka pale umempeleka peponi, eti utumbo wa samaki ni wa bure. Nimewahi kushinda pale nikitafuta habari. Paka wa pale wana masikio yaliyochanika kwa ugomvi. Wa miguu mitatu, mwenye nyuzi mbichi pajani, angepigania kichwa cha samaki na nani?

Nikarudi kwa daktari. Nilitegemea tuanze na habari za beseni, yeye akaanza na mkojo. Anakwenda mara ngapi? Unatoka kidogo kidogo? Una damu? Paka dume ana njia nyembamba ya mkojo, na ikiziba hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo ukimwona anachuchumaa, anajikamua, na hakitoki kitu, usisubiri asubuhi. Pilipili mkojo ulikuwa unatoka vizuri tu, tena mwingi (godoro ni shahidi), na kipimo hakikuonyesha maambukizi. Halafu akauliza kama anakojoa amesimama, mkia juu, akilenga ukuta. Huko ni kuweka alama, ni habari nyingine. Wetu alikuwa anachuchumaa.

Akaongeza dawa ya maumivu kwa siku chache. Na hapa naandika kwa herufi nzito kichwani mwangu: msimpe paka Panadol. Paracetamol kwa paka ni sumu, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Nyumbani nikavuta kigoda, nikakaa kumwangalia kama ninavyokaa mahakamani, kimya na daftari. Saa mbili na nusu nzima. Hatimaye akaenda kwenye beseni. Ukingo wake ulikuwa mrefu kama kiganja changu. Kola ya plastiki shingoni ikagonga ukingo. Akarudi nyuma, akajipanga, akaruka kwa mguu ule mmoja, akatua, mchanga ukadidimia. Akachuchumaa. Mguu ukateleza na akaangukia upande wenye kidonda. Akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akatoka, akaelekea chumbani kwa shangazi.

Godoro halina ukingo, halitelezi, halichomi kidonda. Ninyi mngechagua wapi?

Nilichukua dumu la mafuta la lita 20, nikalilaza, nikakata ubavu wa juu wote. Upande mmoja nikaushusha hadi upana wa vidole viwili, huo ukawa mlango, kingo nikazizungushia gundi ya karatasi zisimkate. Mchanga nikauacha kwanza kwa sababu ya kidonda. Nikachana magazeti. Naam, magazeti yetu wenyewe, na sioni aibu kusema kwamba makala yangu moja ya kurasa za kati ilipata hapo msomaji wake makini zaidi. Dumu nikalibana kwenye kona ya ukumbi karibu na anapolala, ukuta ukiwa upande wake wa kushoto ili aegemee pale ambapo mguu haupo. Chini nikatandika kipande cha mpira, maana vigae vyetu hata mimi vinanitelezesha. Kitambaa chenye harufu ya mkojo wake nikakitia ndani, ajue ni wapi. Godoro nikalisugua kwa sabuni, kisha siki na maji. Dawa ya klorini niliiacha kabatini, kwani ikikutana na mkojo hutoa hewa mbaya kwa mapafu.

Usiku wa kwanza hakuna kitu. Wa pili akaingia, akageuka mara tatu, akaegemea ukuta. Nilisikia karatasi zinalowa. Jamani, sijawahi kufurahia sauti kama ile.

Jumamosi ilifika. Shangazi aliinama akanusa godoro lote, pembe hadi pembe, kisha akasema dumu lisogezwe, wageni wataliona. Tukalisogeza, hatua moja kwa siku, hadi nyuma ya mlango wa stoo.

Nyuzi zimeshatolewa, kola imevuliwa, na mchanga laini umerudi, kina cha vidole viwili tu ili mguu usizame. Kinyesi nakitoa kila siku. Vimelea vya toksoplasma huchukua walau siku moja nje kabla ya kuweza kuambukiza, na dada yangu anayetutembelea ni mjamzito, kwa hiyo yeye dumu hilo haligusi kabisa.

Kufukia bado ni kazi. Pilipili anaparua kwa mkono wa mbele, anayumba, anaacha. Wakati huohuo kisiki cha ule mguu kinachezacheza hewani, kinatafuta mchanga. Namalizia mimi kwa mwiko wa zamani, ambao shangazi ameufunga utepe mwekundu usije ukarudi jikoni.