Kusahau si ujinga

Wadau, kuna kauli inanikera kweli: "Huyo mzee amerudi utotoni, usimuulize kitu." Kwangu mimi mwandishi wa habari, ambaye kazi yangu ni kuuliza, huko ni kumzika mtu angali hai.

Chukueni mfano wa Tony Bennett, mwimbaji wa Marekani. Mwaka 2016 madaktari walibaini ana ugonjwa wa Alzheimer, na Februari 2021 familia ikatangaza. Agosti mwaka huo, siku aliyotimiza miaka 95, alipanda jukwaani New York pamoja na Lady Gaga. Mengi yalikwisha kumpotea, lakini muziki ulipoanza, maneno ya nyimbo yalimjia. Gaga alisimulia baadaye kwamba mzee alimwita kwa jina pale jukwaani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Bennett alifariki Julai 2023.

Huo si muujiza. Kwa kawaida ugonjwa huu huanza na sehemu za ubongo zinazohifadhi mambo mapya: jana ulikula nini, asubuhi nani kapiga hodi. Ustadi uliorudiwa miaka na miaka hutegemea pia sehemu nyingine, ambazo mara nyingi huchelewa kuguswa. Ndiyo maana mtu anaweza kukusahau wewe na bado akaijua kazi yake kuliko wewe.

Bibi yangu ndivyo alivyo. Mimi huniita kwa jina la marehemu kaka yake. Lakini mpe ukindu uone! Vidole vinakwenda vyenyewe, na mjukuu akikosea kusuka, anamfumulia aanze upya. Kuna ndugu walimnyang'anya ukindu huo, eti apumzike. Akawa anakaa kutwa nzima akiutazama mlango. Shangazi alipomrudishia, akaanza tena kusuka, na kutukosoa.

Sisemi atapona. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuuponya, na iko siku hata vidole vitasahau. Basi tumuulize sasa. Ila tuache lile swali la "Bibi, unanikumbuka?" maana linamtia aibu bure. Tumwambie, "Bibi, nifundishe, hapa naanzaje?"

Nanyi mlio na wazee wa namna hii nyumbani, wao bado wanaweza nini? Nielezeni.