Kwa Treni Hadi Nairobi, Kutafuta Chanzo cha Mshipa

Nilikuwa sijavuka Mariakani maishani mwangu. Nilivuka nikimpeleka mdogo wangu Nairobi kwa treni ya SGR, kutoka Miritini, Mombasa. Abiria walipoinuka kutazama tembo wa Tsavo, mimi nilikuwa namtazama yeye anavyopumua.

Ni hamali wa soko la Kongowea, miaka 34. Alikuwa akizimia anaposukuma mkokoteni wa magunia kupanda mwinuko. Hospitalini alipimwa amelala, ametulia, na karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikatoka safi. Tukaambiwa ni uchovu, ale vizuri.

Syokimau, kituo cha Nairobi, tulishuka na baridi. Kesho yake daktari wa moyo aliuliza: "Ulizimia ukifanya nini hasa?" Aliposikia habari ya mkokoteni, akaagiza CT ya mishipa ya moyo, ile ya kudungwa dawa ya rangi.

Akatuonyesha picha, akiugeuza moyo polepole kwenye skrini. Mishipa miwili mikuu inayolisha msuli wa moyo huchipuka kwenye mzizi wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni, kila mmoja upande wake. Wa kulia wa mdogo wangu ulichipukia kushoto, ukarudi kulia kwa kupenya kati ya aota na mshipa mkubwa uendao mapafuni. Kipande chake cha mwanzo kilipita ndani ya ukuta wa aota wenyewe, na mdomo wake ulikuwa mwembamba kama tundu la kifungo. Moyo ukienda mbio, kipande kile hubanwa, wakati uleule msuli unapodai damu zaidi. Alizaliwa hivyo.

Daktari akamtaja Pete Maravich, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, aliyeanguka uwanjani akafa mwaka 1988, ana miaka 40. Alicheza NBA misimu 10. Maiti ilipopasuliwa ndipo ikaonekana hakuwa na mshipa wa kushoto kabisa. Nilikosa usingizi usiku ule. Kijana akizimia katikati ya kazi nzito au mchezo, ECG ya kitandani haitoshi kumrudisha nyumbani!

Madaktari walimpasua mdogo wangu kifua, wakausimamisha moyo, mashine ikashika kazi yake na ya mapafu. Aota ikafunguliwa, na ukuta uliofunika kile kipande ukakatwa kwa urefu, mdomo ukapanuka na kufikia upande uliostahili.

Amekatazwa kunyanyua mzigo mpaka mfupa wa kifua uunge. Baadaye atapimwa akikimbia kwenye mashine, ndipo daktari aamue habari ya mkokoteni.