Makao ya Wasio na Makao

Msomaji, ukipita katika mji wetu wowote mkubwa baada ya saa nne ya usiku, utawaona watu waliolala juu ya makatoni katika mabaraza ya maduka, na wengine wamejitia ndani ya magunia kama nafaka. Pengine umewaona mara nyingi hata macho yako yamewazoea, na kitu ambacho macho yamekizoea huwa kama hakipo. Serikali iliwahesabu mwaka wa 2018, ikapata watu 46,639 waishio mitaani katika Kenya nzima, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Chukua idadi ya wanafunzi wa shule yako, kisha piga hesabu uone ni shule ngapi kama hiyo zingejazwa na watu hao.

Nataka kuzungumza nawe juu ya nyumba zinazowapokea. Wengi hudhani ya kuwa kazi ya nyumba hizo ni kumpa maskini paa na uji. Mimi nimefundisha kusoma na hesabu katika nyumba moja ya namna hiyo, kila Jumamosi, kwa miaka sita, na nimeona kwamba paa na uji ni mwanzo tu, tena ni mwanzo ulio rahisi. Lililo gumu ni kumrudisha mtu katika hali ya kungojewa. Mtu wa mitaani hangojewi popote. Akichelewa hapana aulizaye. Akiugua hapana atumwaye kumtazama. Wewe ukichelewa kutoka shuleni, mama yako hutoka nje akatazama njia, na huenda jambo hilo likakuudhi. Basi fikiri maisha ambayo ndani yake hapana hata mtu mmoja wa kukuudhi hivyo.

Sitakawia katika sababu zinazowatoa watu makwao. Wazijua: kufiwa, ukali wa nyumbani, njaa, ulevi, na mapigano kama yale yaliyofuata uchaguzi wa mwaka wa 2007. Nitasema tu kwamba kwa muda mrefu sheria yetu yenyewe ilimhesabu asiye na makao kuwa mkosaji. Mpaka sheria ya uzururaji ilipofutwa mwaka wa 1997, mtu aliweza kukamatwa kwa sababu hana mahali pa kukaa wala kazi ya kumlisha. Mtu aliadhibiwa kwa kukosa, si kwa kukosea.

Mfano mkubwa tulio nao katika nchi hii ni Starehe. Leo jina hilo likitajwa huwaza shule yenye sifa, na huenda wewe mwenyewe ulitamani kuingia huko. Lakini mwanzo wake ulikuwa mwingine. Hali ya Hatari ilitangazwa mwaka wa 1952, na mwezi wa Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, yakakamata watu maelfu kwa maelfu na kuwapeleka vizuizini. Wazazi walipochukuliwa, watoto walibaki. Wavulana wakajaa katika barabara za mji, hawana baba, hawana shule, hawana mlango wa kubisha. Mwaka wa 1959 Geoffrey Griffin, Mzungu aliyezaliwa Kenya na aliyepata kuwa askari katika siku zile za Hatari, alishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kufungua kituo cha kuwaokoa wavulana hao. Kituo chenyewe kilikuwa mabanda mawili ya mabati.

Katika habari za Starehe, linalonivutia mimi zaidi si majengo yaliyofuata wala matokeo ya mitihani. Ni baraza. Wavulana walikutana na mkuu wao, na mtoto yeyote aliweza kusimama mbele ya wote akauliza jambo au akashitaki asilolipenda, wala asiadhibiwe kwa kusema. Fikiri maana yake kwa mvulana ambaye jana, mkubwa akimkaribia, alijua ni kofi au ni mbio. Leo asimama, ashitaki maharagwe hayakuiva, na mtu mzima amjibu kwa maneno. Griffin aliendelea kuiongoza Starehe hadi alipofariki mwaka wa 2005. Ukihesabu miaka hiyo utaona jambo moja ambalo wafadhili wengi hawalipendi: kazi hii ni ya muda mrefu, wala haimaliziki katika mwaka mmoja wa bajeti.

Nyumba ninayofundisha mimi ni ndogo, wala haina sifa yoyote. Ina vitanda thelathini, jiko la kuni, bomba moja la maji uani, na darasa ambalo jioni hugeuka chumba cha kulia. Mvulana mpya akifika haulizwi maswali mengi. Huoga, hunyolewa, hupewa nguo, hula, kisha huonyeshwa kitanda chake. Ajabu ni kwamba wengi hawakilalii. Asubuhi mlezi huwakuta sakafuni, chini ya kitanda, viatu wameviweka chini ya kichwa, kwa kuwa alalaye mitaani na viatu vizuri huamka hanavyo. Mkate wa jioni huufichwa ndani ya godoro. Mlezi, mwanamke wa makamo tumwitaye Mama sote, wakubwa kwa wadogo, hasemi neno juu ya mkate huo. Hutazama tu. Siku mkate unapoacha kufichwa, yeye huandika katika daftari lake, maana siku hiyo, asema, mtoto ameamini kwamba kesho kutakuwa na mkate mwingine. Kwa mmoja huchukua juma moja, kwa mwingine miezi mitano.

Kuacha gundi ni vita vingine. Usidhani mtoto huivuta kwa anasa. Gundi humsahaulisha njaa na baridi kwa saa chache, na mitaani hupatikana kwa urahisi kuliko sahani ya chakula. Anayeiacha huumwa kichwa, hukosa usingizi, hukasirika bila sababu, na wengi hutoroka kabla ya mwezi kwisha. Hapo ndipo nyumba hupimwa. Akirudi, je, atafunguliwa? Ziko nyumba zifungazo mlango kwa kosa la kwanza, zikidhani zafundisha adabu. Mimi nasema hazijui kazi yao. Mvulana mmoja wa darasa langu alitoroka mara saba. Kila aliporudi alikuta jina lake bado limo katika orodha ya asubuhi, na wenzake walimwambia kwamba Mama alilisoma kila siku, kwa sauti ile ile, akangoja kidogo kama aitikiwe, ndipo akaendelea na jina lililofuata. Baada ya mara ya saba hakutoroka tena.

Jina lenyewe lina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mitaani mtoto huitwa kwa kovu lake, au kwa kilema chake, au kwa mtaa alikoonekana kwanza. Lakini bila cheti cha kuzaliwa hupata taabu hata kusajiliwa kwa mtihani wa taifa. Afikapo umri wa miaka kumi na minane, pasipo karatasi, kitambulisho humpiga chenga. Na asiye na kitambulisho hawezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua hesabu ya benki, wala kuajiriwa mahali pa maana. Nilipata kukaa siku nzima katika foleni ya ofisi pamoja na mvulana wa miaka kumi na mitano, amevaa shati langu. Karani alipomwuliza jina la baba, alilitaja. Alipoulizwa kijiji, alinyamaza, kisha akataja mto, na duka lililopakwa rangi ya buluu karibu na daraja. Karani alicheka. Mama hakucheka, aliandika mto, daraja na duka, na baada ya majuma sita ya kuuliza huku na huku alikipata kijiji, akamkuta nyanya yake mvulana yu hai.

Kutafuta jamaa namna hii si hisani ya ziada. Mwaka wa 2022 Kenya ilitoa mkakati wa taifa wa miaka kumi, ambao shabaha yake ni kwamba watoto walelewe katika familia badala ya kukaa katika makao. Mimi nakubaliana na shabaha hiyo, ila kwa sharti moja: mtoto asirudishwe nyumbani kama mzigo unavyoshushwa kutoka juu ya basi. Yule mvulana alikwenda kwanza kwa siku mbili, akarudi. Likizo iliyofuata akakaa majuma matatu. Nyanya alisaidiwa kupata godoro na sare ya shule, na mlezi alifika huko mara kwa mara mwaka mzima. Kama ilikuwa njaa iliyomfukuza mtoto, na njaa ingali imeketi jikoni, atarudi mjini kabla ya mvua za masika.

Hapa nitasema neno juu ya wageni. Kila Desemba huja watu wema na unga, sukari na kamera. Watoto hupangwa mstari, huimba, hupigwa picha wakipokea pakiti. Unga twaushukuru. Lakini kati ya hao wote, sijamwona hata mmoja aliyekuja mwezi wa Machi kuuliza habari za mtoto kwa jina lake.

Wako nao wasio na pa kurudi kabisa, na kwao swali ni siku ya kutoka. Starehe ilifungua mafunzo ya ufundi, tena wavulana wake walipewa nafasi za kujitolea kazini wakati wa likizo, wakajulikana na waajiri kabla ya kuomba kazi. Nyumba yetu haina uwezo huo. Hutafuta fundi wa kukubali mwanafunzi, na huwalipia vijana kodi ya chumba kwa miezi mitatu. Mwaka uliopita kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, alihamia chumba chake Jumatatu, na saa mbili ya usiku alikuwa langoni petu. Alisema kule ni kimya mno. Mama alimpa chakula, akamtandikia mkeka darasani, na alfajiri akamwamsha mapema ili asichelewe kazini. Alikuja tena Jumatano, na Alhamisi, na juma lililofuata mara moja. Tangu hapo huja Jumapili mchana, hula pamoja nasi, na jua likianza kushuka husema inambidi aende, kwa maana amemwacha jirani akimwangalizia jiko.