Vyungu Vidogo vya Sanga



Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu wa ualimu kwenye Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi. Mbele ya misalaba ya shaba, mmoja akaniuliza: "Mwalimu, mababu walimjua Kristo kabla ya wamisionari?" Nilitamani kumjibu ndiyo. Lakini ukweli hauhitaji kupambwa. Misalaba ile ilikuwa mali. Kwa karne kadhaa ilitumika kama fedha, na wengi walizikwa nayo.

Tunayajua hayo kwa sababu ya makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Nenquin alichimba huko mwaka 1957, Hiernaux mwaka 1958, na de Maret katika miaka ya 1970. Walikuta wafu wamelazwa kwa utaratibu, wenye mapambo ya shaba na vyungu vizuri mno. Makaburi mengine yana umri wa miaka ipatayo 1,000. Jambo moja halinitoki moyoni. Katika makaburi ya watoto, ukubwa wa vyungu ulifuata umri wa marehemu: kadiri mtoto alivyokuwa mdogo, ndivyo na vyungu vyake vilivyokuwa vidogo. Mtu alikaa chini, akafinyanga udongo akikumbuka kimo cha mtoto. (Wapo wanaosema mababu hawakuwalilia watoto wachanga. Waende wakatazame.)

Mimi na mama watoto tulimzika mzaliwa wetu wa kwanza mwaka 1994, akiwa na siku kumi na moja. Sikuwa na fedha ya simenti. Niliweka msalaba wa mbao karibu na kichuguu kikubwa, nikajiambia kwamba kichuguu hakihami. Mchwa waliula msalaba. Kisha watu wa matofali wakakimega kichuguu, mkokoteni baada ya mkokoteni, mpaka pakawa tambarare. Nilipopata fedha, sikujua tena pa kujenga, na kwa aibu nikaacha kwenda. Miaka ishirini na zaidi nimewafundisha wengine kuwaombea marehemu.

Novemba iliyopita, Siku ya Marehemu Wote, nilimwomba mama watoto tuende. Hakunilaumu. Alihesabu hatua kutoka njiani, akasimama kati ya makaburi mawili ya watu tusiowajua. "Ni hapa," akasema, "ao karibu na hapa." Tukawasha mshumaa. Upepo ukauzima mara mbili, naye akapiga magoti, akaukinga kwa kitenge chake.