Mawingu ya Mbali, Maji ya Garsen

Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa wakazi wa Garsen methali hiyo ni kweli nusu tu, kwa kuwa mawingu yanayowahusu mara nyingi hutanda juu ya paa za watu wengine, mamia ya kilomita kutoka kwao. Maji yanaweza kufika mlangoni siku ambayo anga iko safi, jua linawaka na nguo zimeanikwa uani. Sasa kwa kuwa kaskazi imelegea, kusi imeanza kushika na masika yamebisha hodi, tumeona vyema juma hili tuwapeleke wasomaji wetu Tana, tutazame siku zilizo mbele yetu kwa jicho la watu wa huko.

Atokaye Malindi hupita Mambrui, Gongoni na Marereni, penye mashamba ya chumvi, kisha nchi hutanuka ikawa tambarare ya vichaka na miiba. Baada ya safari ya zaidi ya kilomita 100 hufika Minjila, penye njia panda. Njia moja huenda Hola na Garissa. Nyingine huingia Garsen, ikavuka mto na kuendelea Gamba, Witu na Lamu. Garsen yenyewe ni mji mdogo wa biashara, wanapokutana mfugaji na mkulima. Mama wa Kiorma huleta maziwa, Mpokomo huleta maembe, ndizi na mchele, na wavuvi huleta kambare. Wote hao, pamoja na Wawardei na mifugo yao, riziki zao zimefungamana na mto mmoja.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, urefu wake ukikaribia kilomita 1,000. Chimbuko lake ni miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Kabla ya kushuka nyanda za chini hupita katika mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La juu kabisa ni Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Bwawa hilo hujaa maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Yakizidi hapo humwagika yenyewe, yakapita bwawa baada ya bwawa, hata Garissa. Kutoka Garissa ardhi ni tambarare, na mto huenda ukijipinda kama nyoka kupitia Hola hadi Garsen, kisha hutawanyika katika delta na kuingia baharini Kipini. Mwendo huo huchukua siku kadhaa. Siku hizo ndizo akiba ya mwenye kusikia.

Kwa kawaida mvua za milimani hushamiri mwezi wa Aprili, ilhali mvua za mwambao wetu hukolea Mei. Kwa hiyo Garsen hupokea masika mara mbili: kwanza kupitia mto, kisha kutoka mawinguni kwake. Hatari huwa kubwa zaidi pale maji ya juu yanapowasili huku ardhi ya chini imekwisha kulowa na haiwezi tena kunywa.

Kumbukumbu za watu wa huko hazihitaji kuchimbuliwa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilibomoa tuta za mradi wa mpunga wa delta. Mwaka 2018 vijiji vilizama tena. Kisha kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua ilikosekana msimu baada ya msimu, ng'ombe wakafa kwa kiu na njaa. Kabla majeraha hayajapona, mafuriko yakaja mwishoni mwa mwaka 2023, yakarudi katika masika ya 2024, barabara ya Lamu ikakatika upande wa Gamba na wasafiri wakavushwa kwa mashua. Kuna familia zilizozika mifugo kwa ukame, na muda mfupi baadaye zikapoteza nyumba kwa maji.

Hata hivyo hatutatenda haki tukiyataja maji haya kuwa ni balaa tupu. Bila mto kufurika, majani ya delta hayaoti, na mfugaji hana pa kukimbilia wakati wa kiangazi. Mpunga wa Mpokomo hutegemea ardhi iliyolowa, na samaki huzaliana katika maziwa madogo yanayojazwa na mto. Mtume wetu (S.A.W.) alipoiona mvua aliomba iwe yenye manufaa. Kheri na madhara vyaweza kuteremka katika wingu moja, na sehemu ya kutenganisha hivyo viwili tumeachiwa sisi kwa maandalizi yetu.

Basi katika siku hizi tufuatilie habari tatu: utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kuhusu mvua za milimani, tangazo la kujaa kwa Masinga, na hali ya mto Garissa. Zote tatu zikielekea upande mmoja, aliye bondeni asisubiri kuona maji.

Twajua kuhama si jambo jepesi. Mahindi hayajakomaa, mbuzi wana wana, na pengine mwaka jana tangazo lilitolewa na maji hayakufika. Anayesita si mjinga. Anapima hasara mbili. Lakini hasara ya kuhama bure hurekebishika. Mama mjamzito aliyekaribia siku zake asogezwe mapema karibu na hospitali, kwani barabara ikikatika usiku hakuna wa kumlaumu. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vitabu vya kliniki vifungwe katika mfuko usiopenya maji. Mbegu ziwekwe juu. Chandarua kisisahauliwe, na maji ya kunywa yachemshwe, maana kipindupindu hufuata mafuriko. Watoto wasiachwe kuchezea ukingoni. Mamba huyafuata maji yalikoenea.

Jambo moja zaidi linawahusu hasa wenye kushika nyama jikoni. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006, Homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo kaskazini mashariki na Tana. Mnyama mgonjwa asichinjwe kwa haraka ili asife bure. Damu yake ina hatari, na maziwa mabichi pia.

Nasi tulio Mombasa, Malindi na Lamu tuna sehemu yetu. Msafiri aulize hali ya barabara kabla ya kupanda basi. Mwenye jamaa Garsen asingoje mvua ya mtaani kwake ndipo amkumbuke. Akisikia kunanyesha Nyeri na Meru, na apige simu siku hiyo hiyo, aulize kama shangazi amekwisha kuhamia juu na kama watoto wana pa kulala. Mwenyezi Mungu aijaalie mvua hii iwe ya neema kwa walio juu ya mto na walio chini yake.